Mizinga Iliyokuwa Hai Kwenye Simu

Kwenye simu, mizinga yote ilikuwa hai. Eulalia Zavala aliitazama tena kabla hajashuka kwenye pikapu, maana ndiyo tabia aliyoijenga tangu vile vidude vya kupimia joto viwekwe mizingani: doti za kijani safu kwa safu, kila doti mzinga mmoja, na kila mzinga na joto lake zuri kama la mtoto asiyeumwa. Akaitia simu mfukoni, akawasha kifukizo cha kutulizia nyuki kwa vipande vya gunia, akaingia kati ya milozi ya shamba ambalo nyuki wao walikodishwa kulichavusha.

Ilikuwa Februari, na ukungu ulikuwa umelala bondeni, ule mzito unaokaa siku kadhaa bila kuinuka. Kwa baridi ile nyuki hawatoki, kwa hiyo ukimya haukumshtua. Alikuja kuwapa maji ya sukari tu. Mwaka uliopita mvua ilikuwa adimu, vilima vikakauka hata magugu hayakutoa ua, na wafuga nyuki wote aliowajua walikuwa wakiwalisha nyuki wao sukari kama mgonjwa anavyolishwa uji.

Mizinga ya kando ya njia ilikuwa mizuri. Alipoinua mfuniko nyuki walinguruma, wakajaa juu ya fremu za masega wakimtazama. Akawamiminia sukari yao akasonga ndani zaidi, kwenye safu za katikati ambako mtu hafiki ila awe na shughuli. Huko akainua mfuniko, na hakuna aliyemngurumia.

Nyuki waliobaki wangeenea kwenye kiganja. Walikuwa wamemkumbatia malkia wao kwenye kona moja ya sega, hawana hata nguvu ya kukasirika. Chini ya mzinga wamelala wafu, na wengi wao mbawa zimesinyaa kama karatasi iliyorowa ikakauka. Hawakufa njaa, asali ilikuwapo. Eulalia alijua ni nini. Ni utitiri, wadudu wekundu wadogo kama kichwa cha pini, wanaomganda nyuki mwilini, wakamnyonya na kumwachia ugonjwa.

Akatafuta kidude. Hukaa juu ya fremu ya kati, kipande cha plastiki cheupe kama kiberiti. Mahali pake palibaki alama tu kwenye nta. Akafungua mzinga wa pili, wa tatu, kisha akaacha kuhesabu. Mitupu, au kama mitupu, na hakuna hata mmoja wenye kidude.

Alirudi kwenye mizinga ya kando ya njia, akafunua tena mmoja wa ile yenye nguvu. Safari hii aliingiza vidole katikati ya nyuki, taratibu, mpaka akavigusa vidude. Vilikuwa vinne, vimepangwa ubavu kwa ubavu kwenye joto lile kama vifaranga chini ya kuku. Mzinga mmoja mzima ulikuwa ukijibu kwa niaba ya mitatu iliyokufa. Na aliyevipanga vile alikuwa na mkono wa taratibu, kwa sababu hakuna hata nyuki mmoja aliyebanwa. Eulalia aliujua mkono huo. Alikuwa ameolewa nao.

Alivitoa vyote vinne, akavitia mfukoni mwa aproni. Hakufikiri. Angefikiri, angeviacha.

Kabla hajafunika mzinga alisikia kigari cha shambani kikija. Bi Lucinda Furtado, mwenye shamba, alikuwa bado kwenye nguo nyeusi za kumwombolezea marehemu mumewe, na juu yake koti la huyo huyo marehemu, linampwaya mabegani. Alikuwa ameweka kitu mapajani, amekifunga kwa kitambaa.

"Usiwaache wazi wakaingiwa na baridi," alisema.

"Nawapa sukari kidogo, Bi Lucinda."

"Wape. Ingawa wamenona hao." Akatoa simu yake. "Siku hizi nikiamka, kabla sijamwomba Mungu nawaangalia nyuki wenu. Marehemu angenicheka mpaka alie. Yeye alikuja mwenyewe, anafunua mmoja mmoja, anarudi nyumbani uso umevimba kama andazi. Mimi nakunywa kahawa, naangalia kijani."

Eulalia alicheka, kwa sababu ilibidi.

"Penner, yule anayekodisha nyuki, alinipigia jana," Bi Lucinda aliendelea. "Ana mizinga imebaki, kuna mwenye shamba kamgeuka. Atangoja mpaka kesho adhuhuri, kisha anaipeleka kaskazini. Nikamwambia asijisumbue, mimi nina watu wangu. Unajua huu ni mwaka wangu wa kwanza peke yangu. Wanangu wanasema uza shamba mama, hutaweza. Maua ya lozi yakishika matunda vizuri nitawafunga midomo." Akamtazama Eulalia. "Mbona umepauka hivyo? Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala." Akamwekea kile kifurushi mikononi. Ulikuwa mkate mtamu wa kwao Bi Lucinda, bado una joto. "Mpelekee na binti yako Yesenia kipande. Mwambie ile simu aliyonifundisha sasa naimudu."

Eulalia aliuweka mkate kwenye kiti cha abiria, na njia nzima hakuweza kuutazama.

*

Jikoni, mama mkwe wake, Mama Chayo, alikuwa akigeuza tortila, zile chapati nyembamba za mahindi, kwa vidole bila kuogopa moto. Yesenia alikuwa mezani na kompyuta yake, anajifanya anasoma. Mumewe, Refugio, alikuwa ananawa. Eulalia hakumsalimu mtu. Alivitoa vidude mfukoni, akaviweka kimoja kimoja mezani, kwenye kitambaa cha plastiki chenye maua.

Refugio alifunga bomba. Maji yaliendelea kudondoka mikononi mwake.

"Umevitoa wapi?" aliuliza.

"Wewe uliviweka wapi?"

Kabla hajajibu, simu ya Yesenia ililia, mlio mfupi, kisha mwingine. Msichana aliitazama, akapauka. "Mama, umevitoa mzingani? Vinapoa. Doti zimekuwa nyekundu zote nne. Bi Lucinda ataziona."

Hapo ndipo Mama Chayo alipofanya jambo ambalo Eulalia alilikumbuka kwa miaka. Hakuuliza hivi ni vitu gani. Hakuuliza kuna nini. Alivikusanya vile vidude kwa kiganja, akafunua kitambaa cha tortila, akavitia katikati, palipo na mvuke, akafunika vizuri.

Walingoja, wote wanne, kama watu wanaongoja mtoto apoe homa.

"Zimerudi kijani," Yesenia alisema kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Bibi, zimezidi. Zinakuwa rangi ya machungwa. Unawaunguza."

Mama Chayo alikitoa kitambaa karibu na jiko, akakipepea kwa ukingo wa gauni.

"Kumbe hata wewe, mama," Eulalia alisema.

"Mimi nakaa humu ndani. Nina macho."

"Na wewe, Yesi?"

Yesenia alikuwa anachezea ukucha. "Niliona mistari ya joto inalingana. Mizinga minne inapanda na kushuka pamoja kama inashikana mikono. Nikamuuliza baba. Baba akaniomba."

"Kwa hiyo kipofu humu ni mimi peke yangu."

"Hatukutaka uumie," Refugio alisema.

"Hamkutaka niseme. Usichanganye."

Mumewe alikaa. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo iliyoungua jua, na alipokaa kiti kilimlalamikia. "Septemba niliweka dawa," alisema, kama anasimulia habari za mtu mwingine. "Vile vile vipande ninavyoweka kila mwaka. Wale utitiri hawakufa. Wameizoea, kama wewe ulivyoizoea pilipili ya mama. Nikaweka tena. Mpaka natambua, nyuki wa msimu wa baridi walikwisha kuzaliwa wagonjwa. Na hicho kidude hakioni utitiri, Eulalia. Kinapima joto. Mzinga unaoumwa una joto lile lile mpaka wiki unapokufa. Mimi nilikuwa naangalia kijani kama Bi Lucinda anavyoangalia. Baada ya Krismasi doti zikaanza kugeuka, leo moja, kesho tano."

"Ungemwambia hapo hapo."

"Nimwambie nini? Mkataba tumetia sahihi mwezi wa Novemba. Angechukua mtu mwingine. Na habari ingeenea. Umeona walivyomfanya Octavio? Mwaka mmoja mizinga yake ilikuwa dhaifu, sasa anaosha magari."

"Na lozi zake zisiposhika?"

"Kuna ile yenye nguvu, itafanya kazi. Zikitoka chache atalaumu ukungu. Atalaumu mvua, atalaumu ile dawa ya kuvu anayopiga yeye mwenyewe, nayo si nzuri kwa nyuki wala nini. Kila mwaka kuna cha kulaumu."

Eulalia alimgeukia mama mkwe. "Mama, si wewe unayesema siku zote, mficha maradhi..."

"Najua kinachomuumbua," Mama Chayo alisema. "Lakini anayeumbuliwa ni mwanangu."

Simu ya Yesenia ikaita. Jina lilikuwa la Bi Lucinda. Refugio alimtazama binti yake, akatikisa kichwa mara moja, kisha akazungusha kidole hewani: mtandao. Yesenia alipokea.

"Ndiyo, Bi Lucinda. Nimeona, minne. Hapana, wazima. Ni mtandao tu, ukungu ukizidi unakuwa hivyo. Umesharudi, si ndiyo? Haya. Nimeuona mkate, asante sana. Nakula sasa hivi."

Alisema yote hayo kwa sauti tamu isiyotetereka hata mahali pamoja, akatabasamu hata, kana kwamba yule mama anamwona. Alipokata simu tabasamu lilikawia usoni kidogo, halijapata pa kwenda.

Eulalia alikuwa amestahimili mizinga. Alikuwa hata ameanza, moyoni, kutafuta njia ya kustahimili mume: kwamba aliogopa, kwamba aliifanya kwa ajili yao. Lakini ile sauti ya mtoto wake hakuweza kuipokea.

"Nakwenda kumwambia," alisema.

"Eulalia."

"Penner anaondoka kesho adhuhuri. Bado kuna muda wa kuokoa shamba lake."

"Na jina letu?"

"Letu limekwisha kufa, Refugio. Limo kwenye kitambaa cha tortila."

Refugio alisimama. Kwa muda ilionekana kama atauzuia mlango. "Ukienda, sema ni mimi," alisema mwishowe. "Usiseme sisi."

"Twende ukaseme mwenyewe."

Refugio alichukua kofia yake akatokea mlango wa nyuma, na baada ya kitambo wakasikia chuma kikikwangua mbao kule bandani, alikoanza kusafisha maboksi ambayo hayakuwa na haraka yoyote.

Eulalia alikuwa amekwisha kuwasha pikapu Yesenia alipofungua mlango wa abiria. Aliusogeza ule mkate, akakaa.

"Vidude vimeandikishwa kwa jina langu," msichana alisema. "Na mimi ndiye niliyemdanganya leo."

*

Bi Lucinda aliwakaribisha jikoni kwake, akawapangia vikombe. Eulalia hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, haraka haraka, kwa kuogopa kwamba akimeza mate maneno yatarudi chini. Alipofika kwenye vidude vinne ndani ya mzinga mmoja, mwenye nyumba alivua miwani yake, akaiweka juu ya meza, na bila miwani uso wake ulionekana mzee ghafla.

"Na asubuhi ya leo, pale shambani," alisema. "Ulikuwa umekwisha kujua?"

"Nilikuwa nimejua muda huo huo."

"Nikakupa mkate."

"Ndiyo, Bi Lucinda."

Mwanamke alimgeukia Yesenia. "Na wewe ukaniambia ni ukungu."

Yesenia alifungua mdomo, akalia badala ya kusema. Bi Lucinda alimwacha alie. Hakumpa hata kitambaa. Alivaa koti la marehemu, akachukua chaki kwenye droo.

"Nipelekeni nikaone."

Hakutaka kofia ya wavu. Alimfanya Eulalia afunue mzinga mmoja baada ya mwingine, mizima na mitupu, naye akainama kwenye kila mmoja kama mtu anayeambiwa amtambue maiti. Mtupu aliutia msalaba wa chaki. Mzima aliupita. Yesenia aliwafuata nyuma na kifukizo kisichohitajika. Kwenye matawi ya chini ya milozi baadhi ya vitumba vilikuwa vimeanza kupasuka, vyeupe kwa ndani, na kila Bi Lucinda alipoviona alikaza mwendo.

Safu ya mwisho ilipoisha, misalaba ilikuwa imezidi nusu. Alimpigia Penner pale pale, mbele yao, akaweka sauti wazi ili wasikie. Penner, mtu wa maneno machache, alisema sehemu ya mizinga ameshaiahidi kwa mwingine leo hii. Iliyobaki anaweza kuileta kesho asubuhi, ila si kwa bei ya jana.

"Sikuuliza bei," Bi Lucinda alisema. "Ilete."

"Na Zavala?" Penner aliuliza. "Nilidhani una watu wako."

Bi Lucinda alimtazama Eulalia. Eulalia alitazama chini, kwenye buti zake, akingoja neno litakaloenea bonde zima kabla ya jioni.

"Nyuki wao wameugua," Bi Lucinda alisema. "Waliniambia." Akakata simu.

Eulalia alitaka kumshukuru, akainua uso, na uso aliokutana nao ukamrudishia shukrani yake.

"Si kwa ajili yenu," yule mama alisema. "Sitaki ajue nilidanganywa. Ile mizima nitailipia, mkataba ni mkataba. Mitupu yote itoke leo. Nyuki wa Penner wakiingia humo kuiba asali wataondoka na wadudu wenu. Na mwakani msije."

*

Mizinga mitupu waliibeba mama na binti, wao wawili, mpaka migongo ikakataa. Mzinga mtupu si mzito kama wenye nyuki, lakini ile asali isiyo na mwenyewe ilikuwa na uzito wake. Walikuwa wamejaza pikapu mara moja na kuipeleka, wakarudi, Refugio alipotokea njiani na lori.

Aliliegesha mbali, akatembea mpaka alipokuwa Bi Lucinda, kofia mkononi. Eulalia hakusikia alichosema. Aliona tu midomo ikienda, kichwa kimeinama, na aliona Bi Lucinda akitazama upande wa pili mpaka alipomaliza. Kisha yule mama akamwita Eulalia, ingawa mume wake alikuwa amesimama hatua moja tu mbele yake.

"Mwambie mumeo asipitishe lori kati ya miti. Matawi yana maua."

Eulalia alimgeukia Refugio. "Usipitishe lori kati ya miti."

"Nimesikia," alisema.

Basi akaibeba kwa mikono, kutoka safu za ndani mpaka njiani, mmoja mmoja, mtu aliyezoea mashine. Hakuomba msaada na hawakumpa. Alipopakia wa mwisho alibaki ameshika ubao wa lori, anapumua. Eulalia alipita nyuma yake akaona shati lake lilivyolowa jasho. Alisita. Alimwekea mkono mgongoni, kwa muda wa pumzi moja hivi, akauondoa, kwa maana bado alikuwa na hasira, na hasira hiyo alikuwa na haki nayo.

*

Lozi za Bi Lucinda zilishika, si kwa wingi aliouomba, lakini zilishika. Habari hizo Eulalia alizipata kanisani, kutoka kwa watu wengine. Wakikutana mlangoni Bi Lucinda humwitikia salamu kwa kichwa. Yesenia yeye huwa anabaki kwenye gari mpaka yule mama apite.

Refugio alipata kibarua kwa Penner, kupakia mizinga ya watu. Vijana wa pale walimpokea kwa mzaha. "Mzee, huu umeangalia kama una mtu ndani?" Yeye aliendelea kubeba. Nyumbani alizungumza kidogo. Mama Chayo alimpakulia nyama kubwa kuliko wengine na kumtazama Eulalia kama anayesema, thubutu.

Mwezi wa Aprili, mizinga yao iliyobaki ilipokuwa imerudi uani na nyuki wanaingia na chavua ya haradali miguuni, Eulalia alichukua chupa yenye mdomo wa wavu. Alikung'uta ndani nyuki kiasi cha nusu kikombe, akawamwagia sukari ya unga, akawazungusha taratibu mpaka wote wakawa weupe kama waliotoka kinuni. Yesenia alishika sahani nyeupe. Eulalia akaipindua chupa, akaitikisa, na sukari ikaanza kunyesha sahanini, na ndani ya sukari vitu vyekundu vinavyotembea: utitiri waliobanduka kwenye nyuki.

Refugio alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama kwenye ngazi za mlango wa nyuma, buti mkononi. Nyuma yake, ndani ya wavu wa mlango, alionekana mama yake.

"Wangapi?" aliuliza.

Yesenia alimtazama mama yake. Eulalia alichukua ile sahani mkononi mwa binti, akavuka ua nayo, akamkabidhi mumewe.

"Hesabu mwenyewe," alisema. "Kwa sauti."

Alidhani atairudisha. Refugio aliweka buti chini, akaketi kwenye ngazi, akainamisha uso karibu na sahani, maana macho yake hayakuwa tena makali, akaanza kuwagusa kwa ncha ya kijiti. Mmoja. Wawili. Watatu. Yesenia alisogea. Mlango wa wavu ulilia, Mama Chayo akatoka naye, akasimama nyuma ya mwanawe, mikono imefungwa ndani ya aproni.

Alipofika kumi, idadi inayotaka dawa nyingine, sauti ilishuka kidogo, lakini hakunyamaza.